Kulwa Kafa, Mpandishe Doto

Mwezi uliopita mwanangu Doto alinipeleka stendi mpya kunionyesha kazi yake. Ameajiriwa na watu wanaofunga vile vioo vikubwa vya matangazo. Kimoja kinaonyesha mabasi yanayoondoka, kingine kinauza sabuni, kingine kinasoma habari za mji, na vyote vinalishwa kutoka chumba kimoja chenye baridi kama bucha. Mlinzi wa mlangoni alisoma kitambulisho chake, akatabasamu kama wanavyotabasamu wote, akauliza, "Doto. Na Kulwa yuko wapi?" Mwanangu akamjibu, "Alikufa." Hakusema amesafiri, hakusema ametangulia. Mlinzi akakosa pa kuyaweka macho yake, akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Nilisema moyoni, vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha kujibu hivyo tangu alipojua kusema, na wako ndugu ambao mpaka leo hawajanisamehe.

Mle ndani aliniweka mbele ya mashine mbili nyeusi zilizopangwa moja juu ya nyingine, akafungua mlango ili nikione kioo cha nje, kisha akachomoa waya. Kwenye kioo, basi la Musoma liliendelea kutangaza kwamba linaondoka. "Umeona, mama? Hata haikupepesa. Hizi zinafanya kazi moja kwa wakati mmoja. Moja ikizima, mwenzake anashika palepale, na abiria hajui kama kuna kitu kimetokea." Alikuwa anangoja nimsifu, na alistahili. Badala yake nikamuuliza ni ipi aliyoizima. "Namba moja," akasema. Nikatafuta boksi nikakaa. Aliponiuliza kama ni baridi nilimwambia ndiyo, baridi. Lakini ilikuwa hasira, ile ile ya zamani, ambayo nilidhani nimeiacha Mabatini juu ya duka la vipuri vya baiskeli, katika mwaka ambao yeye alikuwa anajifunza kukaa.

Jinsi nilivyoolewa haihusu hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikazaa mapacha wa kike, na kwetu majina ya mapacha hayachaguliwi. Yanakuja na watoto wenyewe: aliyetangulia kutoka ni Kulwa, aliyemfuata ni Doto. Tuliishi Nyakato, vyumba viwili vya kupanga, mimi na Petro na mama yake. Petro alikuwa akikata sangara katika kiwanda cha samaki ufukweni, anarudi jioni na harufu isiyotoka kwa sabuni yoyote, mkononi kabeba mapanki, ile mifupa inayobaki nyama ikishakwenda kwa wenye fedha. Tuliyakaanga, tukayala kwa ugali wa muhogo. Watu waliniita Mama Kulwa. Nililipenda hilo jina kuliko nilivyolipenda lile la ubatizo.

Kulwa alikufa kwa homa wakati wa masika. Nilipofungua mdomo kulia, mkono ulinifunga. Sisemi kwa mfano. Mkono wa mwanamke, wenye harufu ya dagaa, uliwekwa juu ya mdomo wangu na ukakaa hapo mpaka nikaanza kupumua kwa pua. "Pacha haliliwi," waliniambia. "Ukimlilia huyu utamwita na yule." Walimzika bila sauti, kama watu wanaoficha kitu. Waliporudi tulikunywa uji, na kabla jembe halijasafishwa udongo, jirani mmoja alisimama mlangoni akaniaga: "Haya, Mama Doto, tutaonana kesho." Hivyo tu. Nilikwenda kulala nikiwa na jina jingine. Mama mkwe naye, tangu siku hiyo, kila alipompa Doto uji alidondosha tone la kwanza sakafuni, akisema taratibu, "La mwenzio." Akishona gauni la Doto alishona mawili, moja analikunja na kulitia kwenye sanduku lake. Nilimchukia kwa magauni yale. Niliona kwamba kwake Kulwa alikuwa na haki ya kula na kuvaa, ila hakuwa na haki ya kufa.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Kila kitu kilichokuwa marufuku kiliingia mjini kwa mara moja: mitumba, soda za kopo, televisheni. Bwana Deus, aliyepunguzwa kazi katika ofisi za pamba, alikodi chumba Mabatini, juu ya lile duka la vipuri, akaweka deki za video na kuvuta nyaya kutoka paa hadi paa. Zilikwenda kwenye hoteli za chakula, saluni, maduka, mpaka chumba cha kungojea meli bandarini. Alikuwa na chaneli nne. Moja ilionyesha mpira, moja filamu za ngumi, moja kwaya na mahubiri. Ya nne ilikuwa ya matangazo tu, na hiyo ndiyo iliyomweka mjini, maana mtu anaweza kuishi bila ngumi lakini hawezi kuishi bila kujua nani kafa na meli inaondoka lini. Matangazo yaliandikwa kwa wino mzito kwenye kadi za manila, kadi zikapigwa picha kwa kamera moja baada ya nyingine, mkanda ukachezwa mchana kutwa. Alitafuta mtu mwenye mwandiko. Mwandiko ninao. Na chumba kile kilikuwa na joto la mashine, na kasha la mikanda ambalo mtoto angeweza kulala ndani yake, basi nikaenda.

Siku ya kwanza nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, Doto mgongoni, nikikaza macho kwenye zile deki. Fundi alikuwa Masanja, mtu wa Bujora, mrefu, aliyemwita kila mwanamke mayu, yaani mama kwa lugha ya kwao, mwenye kalamu nyuma ya sikio ambayo sijawahi kumwona akiiandikia. Chaneli ya matangazo ilikuwa na deki mbili, zikicheza mikanda miwili ya aina moja, zimeanzishwa kwa pamoja. Moja ndiyo iliyokwenda hewani, nyingine ilikimbia pembeni yake kimya, ikingoja. Ghafla televisheni ya mezani ikajaa chenga.

"Kulwa kafa," Masanja alisema, bila kuinua sauti, kama mtu anayesema chai imekwisha. "Mpandishe Doto."

Sikusogea.

"Mayu, hiyo swichi hapo mkononi mwako. Kulwa kafa, watu wanatazama chenga."

"Nani kafa?"

"Kulwa."

"Sema tena."

Masanja akamgeukia Bwana Deus. "Bosi, huyu umemtoa wapi? Kaja na mwandiko, masikio kayaacha nyumbani?" Akanyosha mkono wake mrefu juu ya bega langu, akabonyeza swichi mwenyewe, na picha ikarudi. Akaitoa deki iliyokufa mkanda uliotafunwa, akiuvuta kama utumbo wa kuku, akaniuliza kwa wema tu, ili nisione haya, "Na huyo mgongoni anaitwa nani?"

"Doto."

Alianza kucheka. Nafikiri alitaka kusema kwamba sasa ofisi ina madoto wawili. Kicheko kikafika katikati, akatazama mikono yangu kama anayetafuta mtoto mwingine, kikafa hapohapo. Bwana Deus, Mhaya wa Bukoba ambaye mambo haya alikuwa akiyasikia kwa mbali tu, aliuliza, "Kuna nini?" Masanja akarudi kwenye mkanda wake.

Kuanzia siku iliyofuata Masanja alisema "namba moja". Namba moja imekufa, mama, mpandishe namba mbili. Nilimvumilia kwa siku kadhaa. Kisha nikaweka kalamu chini.

"Fundi. Namba moja ndiye nani?"

"Mayu, nilidhani..."

"Usinidhanie. Nyumbani kwangu kila mtu ananidhania. Ulikuwa unasema Kulwa kafa. Sema vilevile."

"Si vizuri."

"Kafa au hajafa?"

Alikaa akiitazama ile deki. "Kafa," akasema.

"Basi sema."

Alikuwa amebandika plasta kwenye zile deki na kuandika KURWA na DOTO, maana ndivyo ulimi wake ulivyoyatoa. Nikabandua ile ya kwanza nikaandika upya, KULWA, kwa mwandiko wangu wa kadi za misiba. "Jina la mtu liandikwe vizuri," nikamwambia. Hakubisha. Na tangu hapo, mara kwa mara, katikati ya kazi, nilisikia mtu mzima akitamka kwa sauti ya kawaida kwamba Kulwa kafa. Sijui nitaelezaje. Kwa watu wengine neno hilo ni jiwe. Kwangu lilikuwa maji. Nyumbani nilikuwa nikizunguka siku nzima katikati ya "la mwenzio" na magauni yaliyokunjwa, na kule juu ya duka la baiskeli mtu alikuwa akisema ukweli huku akitafuta bisibisi.

Wenye hoteli walianza kulalamika. Mkanda ukitafunwa wakati Masanja yuko juu ya paa na mimi nanyonyesha, kioo kilibaki na chenga, wateja wakaanza kupiga meza. Bwana Deus akatuita. "Nataka kitu kisichohitaji mtu," alisema. "Mtu anakwenda msalani, mtu ananyonyesha," akanitazama, "sawa, ni ubinadamu. Ila kioo kisizime. Hata mimi nikifa hapa sakafuni kisizime." Masanja akaenda gereji akarudi na rilei ya honi ya gari, kiswichi kinachojigeuza chenyewe umeme ukikatika, akachomea na vikorokoro vyake, akaifunga katikati ya zile deki mbili. Siku ya kuijaribu alichomoa mkanda kwenye Kulwa bila kutuonya. Kikasikika *tak*, kidogo kama mtu anayevunja njiti, na Doto alikuwa ameshapanda. Kadi ya saluni haikutikisika. "Sasa ukitaka kuizima," Masanja alisema, "lazima uwazime wote wawili. Ukimnyamazisha mmoja, mwenzake anasema." Bwana Deus alifurahi mpaka akaagiza soda.

Nilikuwa nikiandika vifo vya mji mzima. Mzee wa Igoma aliyekufa usingizini, watoto na wajukuu wametajwa wote. Fundi cherehani wa Pasiansi. Mtoto wa watu aliyetumbukia kisimani, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa. Kila mmoja alipata kadi yake: jina, wazazi, mahali alipozikwa. Kisha Doto akaugua homa, na siku hiyo, nikiwa nafua nyuma ya nyumba, nilimsikia mama mkwe akiongea na jirani dirishani.

"Huyu analia," alisema mama mkwe.

"Mbona hatujamsikia?"

"Analia kwa ndani. Hicho kilio cha ndani ndicho kinachofika. Atamwita na Doto."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Kasoma huyo."

Nilimbeba mtoto mpaka zahanati nguo zangu zikiwa na povu. Alichomwa kwinini, akapona. Nyumbani walisema limemponya lile gauni la pili sandukuni. Petro alikuwa akila mapanki yake, akichomoa nyama kwenye mashavu ya samaki, na nilipomuuliza, "Na wewe unasemaje?" alijibu, "Mama ni mama." Akaendelea kuchomoa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya visu kila mahali, na nilitaka kuivunja. Leo, nikiwa mtu mzima, naelewa kwamba yeye naye alikuwa na mkono juu ya mdomo. Wakati ule sikuwa na nafasi ya kuelewa.

Kwa kuwa Doto alikuwa bado dhaifu, alianza kubaki na bibi yake, ambaye kila mchana alimleta Mabatini nimnyonyeshe. Mikono yangu ikawa mitupu. Nikachukua manila nikaandika:

PETRO NA LEOKADIA WA NYAKATO WANATANGAZA KIFO CHA MTOTO WAO KULWA. AMEZIKWA NYAKATO. ALIKUWA WA KWANZA.

Masanja aliisoma akiwa ameshika kamera. Aliisoma mara nyingine midomo ikicheza.

"Mayu. Huyu mwingine mzima?"

"Mzima."

"Huogopi?"

"Naogopa. Naogopa nikiamka, naogopa nikilala. Lakini nilinyamaza kama walivyotaka, na homa ilikuja vilevile."

Alifikiri. Kwao Bujora mambo ya mapacha yana nyimbo zake na dawa zake, na alikuwa ameyakuta, hakuyabuni. Angeweza kuirudisha ile kadi mkononi mwangu na nisingemlaumu. "Mimi napiga picha kilichopo mezani," alisema mwishowe, akainama kwenye kamera. Kadi za vifo ziliwekwa mwanzo wa mkanda, katikati na mwisho, ili asiyesikia huku asikie kule. Ya kwangu akaiweka pamoja na zingine.

Bwana Deus hakuwa akisoma kadi kabla hazijapigwa picha. Alizisoma kama mteja, akila. Kila mchana alikaa hoteli ya ng'ambo ya barabara, chini ya dirisha letu, mgongo ukutani, macho kwenye kioo chake. Siku hiyo nilimwona kutoka juu akivunja ugali, akatia mkononi, akasita. Mzee mmoja meza ya mbele aliinuka akaacha sahani yake na samaki mzima juu yake, akatoka bila kunawa. Wengine wakageuka kuulizana. Ndipo Bwana Deus akavuka barabara, ugali bado mkononi, nikamsikia kwenye ngazi.

"Nani kaweka kile kitu?"

"Mimi," nikasema.

"Unataka kunifungia biashara? Watu wa hapa hawatangazi kifo cha pacha. Hata mimi wa kuja najua. Nani atakiacha kioo kile hotelini kwake?" Hakungoja jibu. Akaenda kwenye deki yenye plasta ya mwandiko wangu, akabonyeza, akautoa mkanda, akautupa kwenye kasha alilokuwa akilalia mtoto. "Nimekwisha kuitoa," akasema, akashuka.

*Tak.*

Mimi nikamtazama Masanja. Masanja akaitazama dari. Tungeweza kusema. Chini, Bwana Deus alikuwa amesimama katikati ya hoteli mgongo kwa kioo, mikono imefunguliwa, akiwaeleza: ni makosa ya binti, jamani, ni mgeni wa kazi, nimeshaitoa kwa mkono wangu, kaeni mle. Watu hawakuwa wakimtazama yeye. Nyuma ya kichwa chake, mkanda ukiwa umefika katikati, Doto alikuwa akitangaza kifo cha Kulwa. Bwana Deus alikuwa amesahau mashine aliyoitaka mwenyewe.

Mlangoni mwa ile hoteli, pembeni ya wanaonawa, alisimama mama mkwe, kashika michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye kitambaa, mjukuu mgongoni. Hakujua kusoma. Nilimwona akimshika bega msichana anayegawa chakula na kumwonyesha kioo kwa kidevu. Msichana alisoma kwa sauti, kishule, neno baada ya neno, na hoteli ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia juu. Petro na Leokadia wa Nyakato. Mama mkwe akasema, "Soma tena." Akasomewa tena.

Kisha akavuka barabara. Nilijipanga kupigwa. Alipanda ngazi polepole, nikahesabu maneno niliyokuwa nimeyaweka akiba kwa ajili yake tangu masika, na yalikuwa mengi na makali. Aliingia, hakuitikia shikamoo ya Masanja, akamfungua mtoto mgongoni akanipa. Halafu akakaa sakafuni katikati ya nyaya, akanyosha miguu mbele, akavua kitambaa cha kichwani, kama wanavyokaa wanawake msibani.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, mama."

"Umeandika kwamba alikuwa wa kwanza?"

"Nimeandika."

Alitikisa kichwa taratibu, akiitazama miguu yake yenye nyufa. Wakati huo ndipo nilipoutambua ule mkono wake, mpana, wenye pete ya shaba, na harufu ya dagaa. Ulikuwa umelala juu ya paja, kiganja juu, hauna la kufunga.

"Mnyonyeshe mtoto, Mama Kulwa," alisema.

Na akaanza kulia yeye kwanza, kwa sauti, kilio kilichokuwa kimekaa tumboni tangu masika, nami nikamfuata. Doto alikuwa akinyonya na kunitazama kwa jicho moja. Bwana Deus alifika mlangoni na maneno yake tayari, akatukuta hivyo, akavua kofia, akabaki amesimama. Masanja alikuwa karibu na mashine. Mkono mmoja ungetosha kuizima. Hakuna aliyeigusa. Doto aliendelea peke yake mpaka mkanda ukaisha.